Ndege juu ya filimbi si pambo

Mhariri,

Makala yenu ya Jumamosi iliyopita kuhusu filimbi ya Waute, wenyeji wa asili wa Marekani, imesambaa katika makundi ya WhatsApp ya walimu wa muziki kuanzia Kisumu hadi Nakuru, na mchoro wake, unaoelekeza kuitengeneza kwa bomba la plastiki lililotobolewa kwa msumari wa moto, unaigwa. Tunaandika mapema kabla plastiki nyingi haijatobolewa bure. Nchi mliitaja sawasawa, na watu vilevile, ila mliteleza pale pale filimbi hii inapopatia sauti yake. Mliandika kwamba kile kipande cha mbao chenye umbo la ndege, kilichofungwa kwa ukanda wa ngozi juu ya bomba, ni "pambo la kitamaduni". Mfungueni huyo ndege, mwekeni kando, kisha mpulize. Mtasikia pumzi ikipita, basi.

Aliyewahi kushika rikoda ya shuleni ataelewa upesi. Ndani ya rikoda njia ya hewa imefichwa kwenye mdomo wa plastiki, ikamalizwa kiwandani, na mpigaji haigusi tena. Katika filimbi ya Waute njia hiyo iko nje, mgongoni, unapoweza kuiona, kuifuta, kuirekebisha na pia kuiharibu. Bomba lina vyumba viwili. Kilicho upande wa mdomo ni chumba cha pumzi, na cha pili, kirefu zaidi, ni chumba cha sauti. Katikati pana ukuta mzima usiopitisha hewa hata kidogo. Pumzi ikifika ukutani haina pa kwenda ila kupanda kwa kitundu kilicho mgongoni, na huko juu inakutana na tumbo la ndege. Ndege anailaza, anaipitisha kwenye mfereji mwembamba ulio chini yake, anaimwaga juu ya dirisha dogo la pembe nne linaloingia kwenye chumba cha sauti. Ukingo wa mbele wa dirisha hilo umenolewa. Hewa ikiupiga huyumba, mara ndani mara nje, mamia ya mara kwa sekunde moja, na hapo ndipo filimbi inapolia.

Kwa hiyo hata jina "zumari" mlilolitumia haliifai. Zumari ya Pwani ina ulimi unaotetema mdomoni mwa mpigaji. Hii haina ulimi. Wala si jamii ya chivoti ya Wadigo, inayoshikwa kwa ubavu na kumtaka mpigaji aelekeze pumzi kwa midomo yake mwenyewe. Filimbi ya Waute haimdai mtu ustadi wa midomo hata kidogo, maana kazi hiyo kaachiwa ndege. Ndiyo sababu mtoto wa darasa la nne anaweza kuiliza siku ya kwanza, na ndiyo sababu fundi akikosea milimita moja hakuna mpigaji duniani atakayeiokoa.

Hizo milimita tuziangalie kwa karibu. Chukua filimbi ya ukubwa wa kati, ambayo sauti yake ya chini kabisa ni F shapu iliyo juu kidogo ya C ya kati ya piano. Upana wa ndani wa bomba ni milimita 22, unene wa kuta 5 hadi 6. Chumba cha sauti, kutoka dirishani hadi mguuni, yaani ncha iliyo mbali na mdomo, ni milimita 410 hivi, nacho chumba cha pumzi kinatosha kikiwa sentimita 15, kwa sababu urefu wake hauamui noti yoyote. Ukuta wa kati uwe na unene wa sentimita 2. Mfereji ulio chini ya ndege una upana wa milimita 10 na kina cha milimita 1 hadi 1.5. Dirisha lina upana ule ule wa mfereji, na urefu wa milimita 4 hadi 5 kuelekea mguuni.

Mfereji ukizidi kina, pumzi inaishia njiani na sauti inakuja na upepo mwingi, kama mtu anayenong'ona. Ukipungua mno, filimbi inabana, na tone moja la maji linaiziba. Dirisha likiwa fupi, sauti inaruka oktava kwa pumzi kidogo tu, hata usipotaka. Likiwa refu, inadai pumzi ya mbio za nyika. Ukingo ule ulionolewa nao usiwe kama wembe, kwani ncha nyembamba mno hutoa mlio mkali unaokwaruza, tena hulika haraka. Uache na unene wa karibu milimita 1, na uelekee katikati ya mkondo wa hewa inayotoka kwenye mfereji. Ukiwa juu ya mkondo au chini yake, utapata mvumo tu.

Ndege mwenyewe akae pale mfereji unapoishia, kifua chake sambamba na ukingo wa nyuma wa dirisha au nyuma yake kwa milimita 1. Akisogea mbele, analifunika dirisha na sauti inafifia. Akirudi nyuma sana, hewa inatawanyika kabla haijafika. Ndiyo maana anafungwa kwa ukanda wala habandikwi kwa gundi: mpigaji humsogeza mpaka sauti itulie, kisha akakaza. Mchoro wenu ulisema "gundisha vizuri". Ukimgundisha, siku mbao itakapovimba kwa unyevu wa ziwani, au mfereji utakapoziba kwa uchafu, filimbi imekwisha.

Tumbo la ndege na mahali anapokaa lazima viwe bapa kabisa. Weka msasa laini juu ya kipande cha kioo, usugue tumbo la ndege hapo, kisha fanya vivyo hivyo mgongoni mwa filimbi kwa kijiti kilichonyooka. Kipimo ni rahisi: piga noti ya chini, na huku ukipiga mbonyeze ndege kwa kidole. Sauti ikiimarika, hewa inavuja pembeni. Rudi kwenye msasa. Mafundi wengine huziba upenyo kwa nta; inasaidia kwa siku kadhaa, halafu jua la Kondele, mtaa wetu hapa Kisumu, linaiyeyusha na kuishusha ndani ya mfereji.

Kuhusu mbao, wachongaji wa Marekani hupenda sana mwerezi mwekundu wenye harufu. Kwa kweli mti huo ni wa jamii ya mtarakwa wetu, ule uliokuwa ukitengenezewa penseli na ambao bado unaonekana kwenye nguzo kuukuu za ua huko Molo na Njoro. Kwa hiyo anayetafuta "mbao ya Kimarekani" anaweza kuwa ameiegemea bila kujua. Nguzo kuukuu ya mtarakwa ni bora kuliko ubao mpya, maana imekauka kwa miaka mingi na haisokoti tena. Kagua misumari kwanza. Funika pua unapopiga msasa, vumbi lake linawasha. Na tafadhali, nguzo ya mkaratusi iliyotiwa dawa, ile yenye rangi ya kijani kibichi, isiguswe. Dawa hiyo huwa na aseniki, na filimbi ni kitu cha kutia mdomoni.

Kazi ya mbao huenda hivi. Chukua kipande cha sentimita 65 kwa 4 kwa 4, ukipasue katikati kwa urefu. Piga randa nyuso mbili mpaka ukizikutanisha mwanga haupiti. Chora vyumba viwili, acha ukuta wa kati, kisha chimba nusu bomba katika kila upande kwa patasi ya mviringo, ukipima kwa kipande cha karatasi ngumu kilichokatwa nusu duara ya milimita 22. Hapa ndipo wengi huharakisha. Nusu moja ikichimbwa zaidi ya nyingine, bomba linakuwa na umbo la yai na noti za juu zinakataa kukaa. Paka gundi ya mbao kidogo, pamoja na juu ya ukuta wa kati, kisha funga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, ukizungusha kila sentimita 3. Kabla gundi haijashika, pitisha tambara lililofungwa kwenye kijiti ndani ya chumba cha sauti ufute matone. Tone lililokauka karibu na dirisha hubadilisha sauti na hutaweza kulifikia tena. Zamani Waute wenyewe walitumia utomvu wa miti, wakakaza kwa mishipa ya wanyama au ngozi mbichi ambayo ikikauka inabana. Acha kutwa nzima, usiku na mchana. Ndipo uchonge nje iwe mviringo, ukiacha sehemu bapa mgongoni kwa ajili ya ndege.

Hakikisha ukuta wa kati hauvuji kabla ya kuchimba dirisha. Toboa kwanza kile kitundu cha kupandishia pumzi, kizibe kwa kidole, kisha vuta hewa kwa mdomo. Ulimi wako ukishikwa na mvuto ukabaki hivyo, ukuta ni mzima. Ukiachia, kuna tundu, na afadhali ulijue sasa.

Mwanzi una njia ya mkato ambayo tunashangaa makala haikuitaja. Pingili lenyewe ni ukuta wa kati ulioletwa na mti. Chagua mwanzi wa milimani uliokomaa, miaka 3 au zaidi, wenye upana wa ndani wa milimita 20 hadi 25, ukate ili pingili moja liwe sentimita 15 kutoka mdomoni. Mapingili mengine yote yaliyo chini yake yatoboe na kuyasawazisha kwa chuma cha moto. Kausha kivulini kwa miezi kadhaa, kamwe si juani, utapasuka. Mwanzi uliokatwa ukiwa na sukari nyingi huliwa na bungua, na utaona vumbi jeupe likidondoka kutoka kwenye filimbi uliyokwisha kuiuza. Kaza ncha mbili kwa uzi na gundi. Mfereji unaweza kuuchonga chini ya tumbo la ndege badala ya mgongoni mwa mwanzi, kwa sababu ukuta wa mwanzi ni mwembamba.

Plastiki nayo hatuikatai. Bomba la maji hutoa filimbi ya mazoezi isiyo mbaya. Tunachokataa ni ule msumari wa moto. Plastiki ya aina hiyo ikiungua hutoa moshi unaochoma mapafu, na mlikuwa mkiwaelekeza watoto wakiwa darasani. Tumieni drili.

Matundu ya vidole ni kosa la pili la mchoro. Mliyapanga kwa umbali sawa, yote ya milimita 10. Filimbi ya namna hiyo italia, lakini italia upuuzi. Wazee waliopima kwa mwili, unene wa kidole, upana wa ngumi, urefu wa mkono, hawakuwa wakibahatisha: kila filimbi ilimfaa mwenyewe na haikuhitaji kulingana na nyingine, kwa kuwa ilipigwa peke yake. Anayetaka ipatane na kinanda cha kanisani afuate njia nyingine. Kwanza achonge chumba cha sauti kirefu kidogo, tuseme milimita 430, apige noti ya chini huku programu ya kupima noti ikiwa wazi kwenye simu, na kupunguza mguu kidogo kidogo. Kwa ukubwa huu kila milimita 1 hupandisha sauti kwa karibu senti 4; senti hapa ni kipimo cha sauti, na nusu-toni, yaani hatua ya kitufe kimoja cha piano hadi cha jirani yake, ni senti 100. Kisha atoboe matundu kuanzia lile la chini kabisa, kwanza kwa milimita 5, na kuyapanua polepole. Kupanua tundu kunapandisha noti. Kulipanua upande wa mdomoni kunapandisha zaidi kuliko upande wa mguuni. Ukipita kiasi, unaweza kupunguza kwa nta kwenye ukingo wa juu wa tundu, ila hiyo ni kazi ya kiraka. Kati ya tundu na tundu, milimita 28 hadi 35 zinawatosha vidole vya watu wengi.

Filimbi za siku hizi zina matundu 6, za zamani mara nyingi 5. Kwenye ile ya 6, tundu la tatu kutoka mdomoni linabaki limefungwa karibu muda wote. Ukianza yote yakiwa yamefungwa, ukafungua moja moja kutoka chini na kuliruka hilo, unapata, kwa wanakwaya, la, do, re, mi, so, la. Noti tano na oktava yake. Hakuna fa wala ti, kwa hiyo ni vigumu kugongana na sauti mbaya, na hilo kwa maoni yetu ndilo limeipatia filimbi hii marafiki wengi kuliko ile stori yote ya milima na tai.

Mpigo wake haufuati ngoma. Pumzi moja hubeba kishazi kizima, noti ndefu inatikiswa kwa tumbo mwishoni, na mara nyingi kishazi hufungwa kwa kukata pumzi ghafla hadi sauti inaruka juu kama ndege aliyeshtuliwa. Kwa Waute na majirani zao wa nyanda, ilikuwa hasa filimbi ya kijana anayemchumbia msichana, ikipigwa jioni na mtu mmoja. Hivyo picha yenu ya kundi la watu waliovaa manyoya wakipiga mabomba mengi yaliyopangwa safu haihusiki kabisa. Hizo ni filimbi za milima ya Andes, Amerika Kusini, na wale ni wanamuziki wa mitaani wa Ulaya ambao video zao zimejaa mtandaoni. Na Ngoma ya Dubu, sherehe kubwa ya Waute ya majira ya kuchipua, ambapo wanawake ndio wanaochagua wenzi wa kucheza nao, haipigiwi filimbi hata kidogo. Waimbaji hukwaruza fimbo zenye meno juu ya kisanduku, na mngurumo wake huigiza dubu anayeamka.

Waute wapo, jambo ambalo makala iliyoandikwa yote kwa "walikuwa" haikulionyesha. Jina la jimbo la Utah limetokana nao, na leo wana mataifa matatu yanayotambuliwa na serikali ya Marekani: la Southern Ute lenye makao Ignacio na la Ute Mountain Ute lenye makao Towaoc, yote mawili Colorado, na lile la Uintah na Ouray, makao yake Fort Duchesne, Utah. Mtafiti Frances Densmore alirekodi nyimbo za Waute wa kaskazini na kuchapisha utafiti wake mwaka 1922. R. Carlos Nakai, aliyezaliwa mwaka 1946, mwenye asili ya Wanavajo na Waute, ndiye aliyeifanya filimbi hii isikike duniani kuanzia miaka ya 1980. Msomaji akitaka kusikia sauti tunayoieleza, aanzie kwake.

Linalotuhangaisha zaidi ni ushauri wenu wa mwisho, kwamba vijana wachonge na kuuza mtandaoni "filimbi halisi za Waute". Marekani ina sheria ya mwaka 1990 inayokataza kuuza kazi ya mikono kwa madai kwamba imetengenezwa na wenyeji wa asili wa nchi hiyo wakati sivyo. Adhabu inaweza kufika faini ya dola 250,000 na kifungo cha miaka 5. Fundi wa Kibuye si Mute na filimbi yake si ya Kiute, hata ikilia vizuri namna gani. Aiuze kwa jina lake: filimbi ya vyumba viwili, ya mtarakwa, iliyochongwa Kisumu. Mnunuzi anayejua ala ataitazama njia ya hewa kabla ya jina.

Mambo mawili ya hali ya hewa, kwa walimu wanaosafiri na filimbi hizi kwenda kwenye mashindano. Filimbi iliyolinganishwa Kisumu alasiri kwenye nyuzi 30 itashuka karibu nusu ya nusu-toni ikipigwa Nakuru alfajiri kwenye nyuzi 12. Mwinuko wa Nakuru hauhusiki, ni baridi tu. Msiharakishe kuikata. Ipasheni moto chini ya koti kwa dakika kumi, kisha mpime. Baridi hiyo hiyo huigeuza pumzi kuwa maji ndani ya mfereji, na sauti inakatika katikati ya wimbo. Mfungueni ndege, mfute, mrudishe. Tone moja la sabuni ya vyombo likipakwa mferejini na kuachwa likauke huyafanya maji yatandae badala ya kuganda kama shanga, na filimbi inadumu muda mrefu zaidi kabla ya kuziba. Mafuta ya kupikia msiyatumie ndani wala nje. Hayakauki, yananata, na baada ya wiki mbili yananuka.

Tunaomba mchoro uchapishwe upya, ndege akiwa nyuma ya dirisha wala si juu yake, mfereji uonekane, ukuta wa kati uwepo, na neno "gundisha" lifutwe.

Ni sisi,
Mafundi wa ala za upepo,
Kisumu.